Daktari wa Meno Anajibu: Mate Yangu Yamekwenda Wapi?

Barua nne za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi. Tatu za kwanza nimeziweka pamoja kwa sababu waandishi wake wanaliona tatizo kinywani, ilhali chanzo chake kiko kwenye neva au kwenye tezi zinazomimina homoni katika damu. Ya nne nimeiongeza kwa sababu mwandishi wake anazituhumu homoni kwa kosa ambalo hazikulitenda.

Swali: Mimi ni mwalimu, nina miaka 57, naishi Sakina, Arusha. Tangu mwaka jana kinywa changu hukauka, hasa usiku, hata nimezoea kulala na chupa ya maji kando ya mto. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 51. Miguu yangu hufa ganzi na nyayo huwaka moto, na kwa ajili hiyo niliandikiwa amitriptilini ambayo humeza kila usiku. Ili nipate mate ya kufundishia hunyonya pipi za mnanaa darasani. Meno niliyokaa nayo miaka yote bila tobo sasa yanaoza shinani, karibu na ufizi, na mawili yameshang'olewa. Je, nipige mswaki mara ngapi zaidi kwa siku?

Jibu: Mwalimu, mswaki wako hauna kosa. Umeniandikia aya moja, lakini ndani yake mna mambo manne ambayo kila moja peke yake linaweza kukausha kinywa au kuozesha meno, nawe umeyapata yote kwa pamoja.

Kwanza tuone mate yanatoka wapi. Pitisha ncha ya ulimi ndani ya shavu, mkabala na gego la pili kutoka mwisho wa safu ya juu, nawe utagusa kijichuchu kidogo. Huo ni mdomo wa mfereji unaotoka kwenye tezi iliyo mbele ya sikio, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Jozi nyingine mbili ziko chini ya taya na chini ya ulimi, na kwa pamoja tezi hizi humimina kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Hazijiamulii zenyewe. Zinaamriwa na neva zinazofanya kazi bila hiari yetu, ambazo zimegawanyika katika makundi mawili: kundi la utulivu, linaloleta mate mengi na mepesi tunapokula au tunaponusa nyama choma, na kundi la tahadhari, linaloleta mate machache na mazito tunapoogopa. Mwanafunzi unayemwita ubaoni ghafla akaanza kulamba midomo anakuonyesha kundi la pili likiwa kazini. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa hutokwa na mate kwa ishara tu, kabla chakula chenyewe hakijafika.

Sasa tuje kwenye dawa yako. Neva za utulivu huipelekea tezi ujumbe kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na amitriptilini huuziba mlango unaopokea ujumbe huo. Tezi ni nzima, ila haisikii. Dawa kadhaa za mafua na mzio, za msokoto wa tumbo na za magonjwa ya akili hufanya vivyo hivyo. Usiiache dawa kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia ukamweleze habari za meno, kwa maana yeye anaweza kupunguza kipimo au kuibadilisha.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili, nalo ni miguu. Ganzi na nyayo kuwaka moto kwa mtu wa umri wako, pamoja na kinywa kikavu na chupa ya maji kitandani, vinanitaka nikuulize: umeshapimwa sukari? Kisukari ni ugonjwa wa homoni, maana insulini imepungua au mwili hauiitikii, na sukari inayobaki katika damu huvuta maji na kuyatoa kwa mkojo. Ikikaa juu kwa miaka huharibu neva, zikiwamo hizo za miguuni na zile zinazoziamuru tezi za mate. Nenda asubuhi kabla hujala. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita kwenda juu, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ni kisukari. Fizi za mwenye sukari ya juu huvimba na kuachia meno upesi, na uambukizo wa fizi nao huifanya sukari iwe ngumu kushuka, kwa hiyo magonjwa haya mawili hutibiwa kwa pamoja.

Kukoma kwa hedhi nakuweka nafasi ya tatu, ingawa wengi wangekutanguliza. Homoni ya kike iitwayo estrojeni ikipungua, baadhi ya wanawake huhisi ukavu au ulimi kuungua hata pale ambapo mate yapo ya kutosha. Njia ya kutofautisha ni nyepesi: daktari akigusisha kioo chake kidogo kwenye ukuta wa shavu, kwa mwenye mate kioo huteleza, na kwa aliyekaukiwa hunata kama kidole kwenye gundi. Nyumbani unaweza kujaribu kula kipande cha biskuti kavu bila maji, na kama kinageuka kuwa unga unaozunguka kinywani usimezeke, tatizo ni mate yenyewe.

La nne ni pipi, na hapa, Mwalimu, naomba tusihurumiane. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, na gamba gumu la jino huanza kuyeyuka pale pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) inaposhuka chini ya takriban 5.5. Kwa mtu mwenye mate ya kutosha, asidi hiyo huoshwa na kuzimuliwa kwa muda wa nusu saa hivi, kisha madini ya kalsiamu na fosfati yaliyomo ndani ya mate hurudishwa kwenye jino. Wewe huna mwoshaji huyo. Na ufizi uliorudi nyuma umeacha wazi shina la jino, ambalo halina gamba gumu na huyeyuka kwa asidi hafifu zaidi. Pipi moja kila kipindi ni kuliweka shina hilo ndani ya siki tangu kengele ya asubuhi hadi ya kutokea.

Badala yake tafuna bazoka zisizo na sukari, hasa zenye zailitoli (kitamu kisichoozesha meno), au tafuna mswaki wa mti, na unywe maji kwa mafunda madogo. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha jino, na ukimaliza teme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Dawa za kusukutua zenye pombe ziache dukani. Kisha mwombe daktari wa meno akupake floraidi ya nguvu kwenye mashina yaliyobaki na azibe yaliyoanza kuoza kabla hajafikiria koleo.

Swali: Shikamoo Daktari. Nina ujauzito wa miezi mitatu, naishi Majengo, Moshi. Mate yananijaa hadi natembea na kopo lenye mfuniko, hata ndani ya daladala. Kila asubuhi natapika, na fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Mama mkwe anasema kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Je, ni kweli mtoto anachukua kalsiamu ya meno yangu?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Si kweli, lakini usimcheke mama mkwe, kwa sababu ameona kwa macho yake wanawake waliozaa watoto wanne wakiwa na mapengo manne. Alichokosea ni sababu tu. Kalsiamu ya mtoto hutoka kwenye chakula chako na, kikipungua, kwenye mifupa yako. Jino lililokwisha kukomaa halina njia ya kuyarudisha madini yake kwenye damu.

Kinachotokea ni hiki. Homoni za projesteroni na estrojeni, ambazo sasa ziko juu, huzidisha damu kwenye fizi na kuzifanya ziukasirikie utando wa bakteria ambao mwaka jana zingeuvumilia. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki, utando unazidi na damu inazidi. Wewe endelea, kwa mswaki laini. Pengine kitaota kinyama chekundu katikati ya meno mawili. Si saratani, na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua.

Matapishi ni asidi ya tumboni, nayo hulainisha uso wa jino. Ukipiga mswaki papo hapo unaukwangua uso huo. Sukutua kwanza kwa glasi ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea (siyo magadi, kwani hayo ni kitu kingine), halafu ungoje angalau nusu saa. Ule udongo wa sokoni unaotafunwa na wajawazito nao una mchanga unaoyala meno, na hamu yake inaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, kwa hiyo kama unaula, sema kliniki.

Kuhusu kopo, hali hiyo huandamana na kichefuchefu: mjamzito hushindwa kuyameza mate yake kwa sababu yanamtia kinyaa, nayo hujaa. Kwa kawaida huisha yenyewe, ikichelewa sana ni baada ya kujifungua. Ukiona uzito unapungua, mkojo umekuwa haba na mweusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kusafishwa ugaga na kuziba jino kunafaa zaidi mwezi wa nne hadi wa sita, na jino lenye usaha halingoji mwezi wowote.

Swali: Mimi ni mkulima wa kahawa, Machame, miaka 66. Shavu la kulia hunishika maumivu kama umeme kwa sekunde chache, nikinawa uso, nikinyoa ndevu, hata upepo wa asubuhi ukinipiga. Nimeng'olewa magego matatu na bado. Daktari wa mwisho amekataa kung'oa la nne, akanipa kabamazepini, na dukani nimeambiwa ni dawa ya kifafa. Mimi sina kifafa. Je, amenidharau?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hakukudharau; ndiye aliyekusikiliza. Jino bovu huuma kwa kupwita, huchukua muda mrefu, hukuamsha usiku, na huchochewa na chai ya moto au sukari. Maumivu ya sekunde chache yanayoamshwa na kugusa ngozi ni ya neva ya tano ya kichwa, ile inayoleta hisia za uso na meno kwa matawi yake matatu. Mara nyingi mshipa wa damu huibana karibu na shina la ubongo, nayo hupiga kelele pasipo jeraha. Ubongo hupokea kelele hizo ukadhani zimetoka kwenye gego, na ndivyo magego mazima yanavyoishia kwenye ndoo. Nakiri kwamba sisi wa fani hii huwa wepesi wa koleo mgonjwa anapotuonyesha jino kwa kidole.

Kabamazepini hutuliza neva zinazofyatuka hovyo, iwe ndani ya ubongo kama katika kifafa au usoni kama kwako. Huanzwa kidogo na kuongezwa taratibu. Inaweza kukutia kizunguzungu, basi usipande mti wala ngazi wiki za mwanzo. Ukitokwa na vipele, homa au vidonda vya mdomo, iache na uende hospitali mara moja. Mtajie daktari dawa nyingine zote unazomeza, za presha zikiwamo, kwani hugongana na nyingi. Ikishindwa, mwombe barua ya rufaa kwa wataalamu wa neva.

Swali: Binti yangu ana miaka 9, tunaishi Usa River. Meno ya mbele yameota na mabaka ya kahawia na vishimo. Mama yake alikuwa na rovu wakati wa ujauzito. Je, homoni ndizo zilizomharibu, na mdogo wake wa miaka 2 atakuwa hivyo?

Jibu: Hapana, baba. Homoni ya tezi ya shingo ikipungua kwa mtoto, meno huchelewa kuota, ulimi huonekana mkubwa, na mtoto mwenyewe hachangamki wala harefuki. Haileti mabaka ya kahawia. Hayo yametokana na floraidi iliyozidi katika maji, inayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya chemchemi na visima vya huko kwenu hupita hapo kwa mbali. Kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huiongeza.

Ya binti yatafunikwa kwa saruji ya rangi ya meno, na haina haraka. Mwenye haraka ni mdogo wake, kwa kuwa meno yake ya mbele ya ukubwani yanaundwa sasa hivi ndani ya taya. Mpe maji ya kunywa na ya kupikia uji kutoka tangi la mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Kituo cha Ngurdoto, kilicho jirani yenu, hushughulika na uchujaji huo.