Marufuku imfuate anayeshika kamba

Mmeuliza wiki hii: aliyetiwa hatiani kwa kutesa wanyama, apigwe marufuku kufuga? Nasema ndiyo, tena isiishie kwenye kufuga.

Niko Lamu. Hapa mchanga, saruji na mawe ya kujengea hutoka gatini hadi vichochoroni juu ya mgongo wa punda. Mara nyingi mwenye punda hayupo. Amemkabidhi kijana anayelipwa kwa safari, basi mzigo unazidi na fimbo haipumziki. Ngozi ikichubuka, kesho yake kidonda kinabebeshwa tena. Na kisingizio cha matibabu hakuna: kliniki ya shirika la The Donkey Sanctuary, iliyoanzishwa hapa mwaka 1987, hutibu punda bure.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inataja kupiga kikatili na kubebesha kupita kiasi kuwa makosa. Lakini faini inauma siku moja. Mtu akishalipa, arudi kwa punda yuleyule?

Uingereza wamelifikiria hili vizuri. Chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, mahakama inaweza kumzuia mkosaji kumiliki mnyama, kumtunza, kushiriki kumtunza, hata kuwa na makubaliano yanayompa usemi juu yake. Yaweza pia kumzuia kufanya biashara ya wanyama na kuwasafirisha. Upana huo ndio tunaouhitaji. Tukikataza umiliki peke yake, punda ataandikwa jina la shemeji na hatatoka ua ule, na kijana wa kukodiwa, ambaye hakuwahi kumiliki hata kwato, hataguswa kabisa.

Wapo watakaosema punda ndiye anayelisha watoto wa mtu. Ni kweli, na hoja hiyo naiheshimu. Basi punda auzwe, fedha zibaki kwa familia. Kule Uingereza mkosaji huweza kuomba kuondolewa marufuku, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja. Kwa aliyezidisha mzigo, nakubali. Lakini anayemkata punda kwa panga kwa sababu ameingia shambani, huyo asiguse mnyama maisha yake yote.

Na majina ya waliozuiwa wapewe wenye majahazi na mafundi wanaokodi punda, maana hao ndio watakaomwona amerudi kazini kabla polisi hawajajua.