Usukani mzito baada ya kubadili sili za stering boksi

Mkuu, umesema tangu ubadili sili (raba za kuzuia mafuta yasivuje) za stering boksi, lile boksi la meno linalogeuza matairi, ya Land Cruiser yako ya zamani hapo Lindi, usukani ni mzito na ukimaliza kona haurudi wenyewe. Angalia kwanza ile skrubu ya juu ya boksi yenye nati yake. Inapunguza uchezaji wa meno, na meno hayo hubanana zaidi boksi likiwa katikati. Ukiikaza matairi yakiwa yamekata, yakinyooka meno yanasagana. Nakusihi usiendeshe hivyo, utaua boksi zima.

Inua mbele, weka stendi, tenganisha boksi na fimbo za matairi. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, rudisha nusu. Hapo legeza skrubu, kisha kaza kidogo kidogo. Ishikilie unapofunga nati.

Upepo ulioingia kwenye mafuta ya usukani utoe injini ikiwa imezimwa: jaza ATF (mafuta ya usukani wa pawa), zungusha usukani polepole mpaka mapovu yaishe, chombo cha mafuta kisikauke.

Shafti inayotoka kwenye boksi kupitia sili, uliipapasa? Huku kwetu Mikindani chumvi ya bahari haina huruma. Shafti yenye vishimo vya kutu italikwangua sili jipya, na mafuta yatavuja tena.