Kambale wako ana mayai tele, mbona hatagi?

Wafugaji wa huku Kasulu huniuliza hili kila mara, na jibu langu halibadiliki: chakula hakina kosa. Jike akilishwa vizuri tumbo hujaa mayai, kisha mambo husimama hapo hapo, kwa sababu ubongo haujaruhusu.

Ubongo huiamrisha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo humwaga homoni zinazosafiri na damu hadi kwenye ovari. Ovari nazo hujibu. Hutoa estrojeni, ambayo huliagiza ini litengeneze protini ya kiini cha yai, na estrojeni hiyo hiyo hufika ubongoni kueleza kazi imefikia wapi. Mayai yakishakomaa, hatua ya mwisho hushikiliwa na breki, nayo ni dopamini inayotoka ubongoni. Kambale wa mto Malagarasi huachiwa breki hiyo mvua zinapofurisha mbuga, ndipo hutoka usiku kutaga kwenye majani yaliyozama. Bwawa lako halifuriki (na ole wako likifurika!), basi jike hungoja tu.

Sindano ya homoni inaziba pengo hilo. Mimi hupenda pituitari ya kambale mwingine mwenye uzito sawa na jike; ni mbinu ya zamani, Brazili waliitumia tangu miaka ya 1930. Ila sindano haikomazi mayai machanga. Mbonyeze jike tumbo taratibu kwanza: mayai yatoke kwa urahisi, yawe ya ukubwa mmoja. Yakiwa mchanganyiko, mrudishe bwawani aendelee kula, hata kama mteja wa vifaranga anakupigia simu kila siku.

Dume usihangaike kumkamua mbegu za kurutubishia mayai, hatoi kitu. Hupasuliwa korodani zikatolewa.

Halafu pima joto la maji kwenye tangi. Usinakili ratiba ya rafiki yako wa Kigoma mjini. Kule ziwani kuna joto, huku kwetu maji hupoa. Kwenye nyuzi 25 mayai huwa tayari kukamuliwa muda wa saa 11 hivi baada ya sindano, kwenye nyuzi 22 ni zaidi ya saa 15, na ukichelewa kukamua huharibika. Ukichoma sindano saa tatu usiku, maji yenye joto yatakuhitaji saa mbili asubuhi, ya baridi saa sita na nusu mchana.