Muulize Fundi: Mtandao umeondoka, pesa iko njiani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kusini, Lindi na Mtwara, na karibu zote zinalia kilio kimoja. Nimezisoma kwa makini kwa sababu kazi yangu ya kutengeneza minara niliifanya huko huko, kuanzia Nangurukuru mpaka Newala. Najibu nne.

Fundi, shikamoo. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Nachingwea. Msimu wa korosho wakulima wakilipwa, kibanda changu hujaa tangu asubuhi. Juzi alikuja mzee kutoa laki mbili na themanini. Akaweka namba yangu ya wakala, kiasi na namba ya siri, mara mtandao ukaondoka. Meseji haikuja kwake wala kwangu. Tukasubiri kidogo, nikamwambia arudie. Mtandao uliporudi zikaingia meseji mbili, mzee kakatwa mara mbili, na watu foleni nzima wakaanza kuninong'ona kuwa mwizi. Nifanyeje siku nyingine? – Wakala, Nachingwea

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole kwa hayo maneno ya watu.

Tuanze na pesa ya mzee. Haijapotea, iko kwenye floti yako, yaani salio la laini yako ya uwakala. Kama taslimu unazo na yeye anazitaka, mpe zote. Kama alihitaji ile ya kwanza tu, mwekee ya pili kwenye simu yake, mbele ya mashahidi, kwani kuweka pesa mteja hakatwi. Kinachobaki ni ada ya kutoa aliyokatwa mara ya pili. Hiyo mpigieni simu huduma kwa wateja mkiwa pamoja, mkiwa na namba za kumbukumbu za miamala yote miwili, ili mzee asikie mwenyewe wanavyojibu.

Sasa kiini cha swali lako. Muamala una safari mbili: ombi linatoka kwenye simu ya mteja kwenda kwenye mfumo wa kampuni, kisha jibu linarudi. Mtandao unaweza kukatika katika safari yoyote kati ya hizo. Ukikatika ya kwanza, hakuna kilichofanyika. Ukikatika ya pili, pesa imeshahama, ila nyinyi wawili hamjaambiwa. Mkiwa pale kibandani hali hizo mbili zinafanana kabisa, simu imenyamaza tu. Kwa hiyo ukimya usiuchukue kama jibu kwamba muamala umeshindikana. Mtandao ukikatika katikati, asibonyeze mtu tena mpaka salio liangaliwe. Angalia floti yako kwenye menyu: ikiwa imeongezeka kwa kiasi kile kile, muamala umepita hata kama meseji haijaonekana. Mteja naye aangalie salio lake. Menyu isipofunguka, subirini. Meseji za uthibitisho huhifadhiwa kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni na kusukumwa simu zinapopatikana tena, kwa hiyo zinaweza kuchelewa, au ya pili ikaitangulia ya kwanza. Salio la kwenye menyu liamini kuliko mpangilio wa meseji.

Weka daftari pembeni kwa ajili ya nyakati hizo tu. Andika saa, tarakimu nne za mwisho za namba ya mteja, kiasi, na kama alikuwa anatoa au anaweka. Mteja atie sahihi, au kidole gumba. Mzee akiona jambo lake limeandikwa kabla hajaondoka, hata kesho akirudi mtazungumza kwa heshima.

Na nakuomba sana, mwanangu, mtandao ukiyumba simama ulitangazie foleni yote: hatutoi wala hatuweki mpaka utulie. Utapoteza kamisheni ya nusu saa, na pengine mteja mmoja atakwenda kwa jirani yako. Bora hivyo. Ni saa hizo hizo matapeli wanapopita, kwa sababu wanajua wakala ana haraka na hana namna ya kuhakiki. Mmoja atakuonyesha meseji kwenye simu yake, ina kiasi, ina jina lako, kila kitu kimenyooka. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja haikuhusu. Kinachokuhusu ni ujumbe ulioingia kwenye laini yako ya uwakala na floti iliyobadilika. Mwingine atapiga ajitambulishe kuwa ni wa makao makuu, anataka "kukurudishia muamala uliokwama", umtajie namba ya siri. Kata simu. Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote mwenye haja ya namba yako ya siri ili arudishe muamala.

Fundi, kwa nini siku mtandao ukiwa haupo simu yangu huisha chaji haraka hata kama sijaigusa? – Mwanafunzi, Ndanda

Kwa sababu yenyewe haijapumzika. Inautafuta mnara muda wote, na kadiri mnara ulivyo mbali ndivyo inavyoongeza nguvu ya kurusha mawimbi. Weka hali ya ndegeni, ifungue kila baada ya muda uangalie. Hali hiyo pia inasaidia pale mtandao uliporudi kwa wenzako na wewe bado hujaupata: ukiwasha na kuzima, simu inajisajili upya kwenye mnara.

Kaka Fundi, hapa kwetu pembeni ya Newala mnara tunauona kwa macho na vijiti vimejaa, lakini simu haitoki na bando halifungui chochote. Hali hii huchukua siku mbili, tatu. Inatokana na nini? Sisi tumeshazoea, tunasubiri urudi. – Mkulima wa Newala

Vijiti vinakueleza jambo moja tu, kwamba simu yako inausikia mnara. Kama mnara wenyewe unaongea na dunia, vijiti havijui. Kutoka pale mawasiliano yanaendelea kwa dishi hadi mnara mwingine, kisha mwingine, mpaka yafike kwenye mkongo, yaani kebo kuu ya mawasiliano iliyozikwa ardhini. Njia hiyo ni kama mto: ukizibwa juu, wa chini wote wanakosa maji hata kama mitungi yao ni mizima. Nimewahi kutumwa kwenye mnara uliodaiwa kufa, nikakuta kila kitu kinawaka, na tatizo liko mnara wa tatu kutoka hapo, betri zimeibiwa. Betri zile ndizo zinazobeba mitambo ya volti 48 umeme wa gridi ukikatika, mpaka jenereta iwake. Mwizi akizichukua, kijiji ambacho hata hakiujui mnara huo kinazimika. Mvua kubwa nayo hudhoofisha mawimbi ya madishi. Na wapo wachimbaji wa barabara na mitaro ya maji, ambao kijiko kimoja cha greda kinatosha kukata mkongo wa wilaya.

Njia yenyewe ni ndefu kuliko tunavyodhani. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika huko kusini mwa bara letu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mtakumbuka siku zile: ukimpigia ndugu yako Masasi mnaongea vizuri, lakini picha kwenye WhatsApp haifunguki. Vijiti vilikuwa vimejaa nchi nzima.

Ila katika barua yako kuna neno moja limeniuma: "tumeshazoea". Kaka yangu, msizoee. Naomba nikueleze kitu ambacho watu wa nje ya kazi hii hawakijui. Kampuni ina chumba cha kuangalia minara yote kwenye skrini. Mnara ukizimika, taa nyekundu inawaka kule na fundi anapigiwa. Lakini kuna hali ambayo sisi mafundi tunasema mnara umesinzia: umeme upo, mitambo inajibu, kule kwenye skrini ni kijani tupu, na huku chini hakuna simu inayopita. Katika hali hiyo hakuna anayejua isipokuwa nyinyi mlio chini yake. Msiposema, mnara unaweza kukaa hivyo siku hizo mbili tatu, na fundi yuko Masasi anasubiri kazi. Mara nyingi dawa yake ni kuwasha upya mtambo mmoja, tena kwa amri kutoka mbali bila hata gari kuondoka.

Kwa hiyo semeni, na semeni kwa namna itakayomsaidia fundi. Mtu akipiga na kusema "huku hakuna mtandao", taarifa hiyo haitoshi. Taja kijiji na kata, saa tatizo lilipoanza, na nini hasa hakifanyi kazi: kupiga, meseji, intaneti, au menyu ya pesa. Menyu za nyota na reli hazitumii bando, kwa hiyo zikifunguka wakati intaneti imegoma, fundi ameshajua nusu ya jibu. Sema pia kama umejaribu laini yako kwenye simu nyingine na kama majirani wana hali hiyo hiyo. Wapige simu watu kadhaa wa sehemu moja, kila mmoja kwa namba yake, na kila mmoja adai namba ya malalamiko aiandike. Mtu mmoja watamwambia azime simu aiwashe. Watu kumi wa kijiji kimoja ndani ya saa moja ni mnara. Kwa kuwa hapo mlipo simu haitoki, mtumieni ndugu aliye mjini mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo apige 100 kwa niaba yenu, kwani namba hiyo inampeleka kila mtu kwenye kampuni ya laini yake. Wakikaa kimya, pelekeni lalamiko TCRA, mamlaka inayosimamia kampuni za simu, mkiwa na zile namba. TCRA wanataka uwe umeanzia kwa kampuni kwanza, ndiyo maana nasisitiza ziandikwe.

Msidhani mnaomba hisani. Mnalipia vocha kama mtu wa Kariakoo. Isitoshe, minara mingi ya vijijini imejengwa kwa ruzuku. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Mnara wa namna hiyo ukisimama bila kutoa huduma, ni fedha ya umma imesimama.

Habari za kazi, Fundi. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati moja wilayani Kilwa. Wakati wa Kimbunga Hidaya tulikosa mtandao kabisa, na hadi leo nikipokea mama mwenye uchungu pingamizi usiku, naangalia simu kabla sijamwangalia mama. Kuna namna yoyote ya kujiandaa? – Muuguzi, Kilwa

Dada yangu, barua yako nimeisoma na kuirudia. Kimbunga kile kilifika pwani yetu Mei 4, 2024, na mafuriko yakakata barabara ya Lindi pale Somanga. Barabara hiyo ndiyo inayopitisha dizeli ya majenereta ya minara. Barabara ikikatika na gridi ikizima, minara huzimika mmoja baada ya mwingine kadiri tangi linavyokauka, kwa hiyo mwanzo wa dhoruba bado kuna saa kadhaa za kuzungumza. Zitumie. Mama yeyote anayekutia wasiwasi, mpigie daktari wa hospitali ya wilaya wakati huo, usingoje uchungu ukaze.

Namba ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ni 115, na najua unayo. Ila simu yako ikiandika kuwa ni ya dharura tu, maana yake laini yako haina mnara lakini mnara wa kampuni nyingine upo karibu. Hapo 112 hupita kwa mnara wowote unaopatikana. Watakupokea polisi, waambie wakufikishie ujumbe hospitali.

Laini ya pili iwepo, lakini ichagueni kwa akili. Kampuni mbili tatu hupanga kwenye mnara mmoja wa kukodi, na mnara ukikosa mafuta zote zinaondoka pamoja. Ulizeni majirani: laini gani hubaki hewani wakati yenu imepotea? Chukueni hiyo. Mawimbi yakiwa hafifu, tuma meseji badala ya kupiga. Meseji inahitaji sekunde chache tu za mtandao.

Kisha kubalianeni na hospitali kwamba kila jioni zahanati itume meseji fupi. Isipofika mpaka saa mliyopanga, wao wamtafute mtendaji wa kijiji au mtu wa kijiji jirani kwa laini nyingine. Mteueni pia bodaboda mmoja anayejua pahali pa juu panaposhika mtandao, na mafuta yake yawe yameshalipiwa. Namba zote muhimu ziandikeni kwa kalamu kwenye karatasi mbili, moja ukutani na moja kwa huyo bodaboda, maana usiku huo huenda akapanda kule na simu ya mtu mwingine.