Mtoto wa lurcher (mbwa chotara wa mbio) wa matembezi na kuwinda sungura
Kwa matembezi na kuwinda sungura mara moja moja, chukua chotara wa whippet (mbwa mdogo wa mbio) na Bedlington terrier (mbwa mdogo wa kuwinda). Ni mwepesi, anakata kona haraka, na damu ya terrier humfanya aingie vichakani bila kusita. Chotara wa greyhound (mbwa mkubwa wa mbio) ana mbio za kupitiliza kwa mnyama mdogo hivyo. Mtazame mama wa mtoto kwanza. Akiwa mwoga au mkali, ondoka, hata mtoto awe mzuri vipi. Usimchukue kabla ya wiki 8.

Ila kama uko England au Wales, Hunting Act ya 2004 (sheria ya uwindaji kwa mbwa) inaruhusu kuwinda sungura wa mashimoni tu, tena kwa idhini ya mwenye shamba. Wale sungura wakubwa wasiochimba mashimo, marufuku kuwakimbiza.