Sufuria Moja, Mtaa Mzima

SWALI: Kamati yetu ya wakazi hapa South B, Nairobi, inaandaa chakula cha majirani mwezi Desemba, watu kama 60. Tuna Waislamu, Wakristo wakiwemo Wasabato, Wahindu, familia ya Wajaini, Makalasinga na Waethiopia wa Orthodoksi. Mwaka jana tulichinja mbuzi kwa njia ya halali tukadhani tumemaliza kazi. Wengine walikunywa soda tu wakaenda zao. Tulikosea wapi?
*Mweka Hazina*

JIBU: Mlianza na nyama. Halali humtosheleza Mwislamu, lakini Kalasinga aliyekula kiapo cha Khalsa (jumuiya ya Makalasinga walioapishwa rasmi) amekatazwa nyama iliyochinjwa kwa ibada, halali ikiwemo. Mwethiopia wa Orthodoksi naye Desemba yuko kwenye mfungo hadi Krismasi yao ya Januari 7: hagusi nyama, mayai wala maziwa, na samli ni maziwa pia. Mjaini mwenye kushika dini hali nyama kabisa, wala vinavyong'olewa ardhini: vitunguu, saumu, viazi, karoti. Hata kachumbari yenu haikumfaa.

Basi pikeni kwanza kitu ambacho kila mtu atapakua: ndengu za nazi. Kwa watu 60, kilo 5 za ndengu na kilo 7 za mchele zinatosha. Chemsheni ndengu ziive. Pembeni, kaangeni bizari nyembamba kwenye mafuta ya mboga, mtie hing (kiungo cha unga chenye harufu kali) kama vijiko vinne vya chai. Ndiyo inayoshika nafasi ya kitunguu, na maduka ya viungo ya Ngara na Parklands wanayo. Inaungua upesi, kwa hiyo nyanya ziwe zimeshakatwa. Ongezeni manjano ya unga, kisha ndengu, na tui zito mwishoni, moto ukiwa mdogo lisije likakatika. Chapati zikandwe kwa mafuta ya mboga. Viungo vya pakiti someni kwanza. Vingine vina ladha ya nyama.

Mbuzi mnaweza kumchoma, ila ng'ombe na nguruwe waacheni. Ulizeni mpishi wa kukodi kama wavu wake umewahi kuchomea nguruwe, na ubao wa kukatia vilevile. Lakini balaa kubwa huja wakati wa kupakua: foleni ikiwa ndefu, mtu huchota mchuzi wa nyama kisha upawa uleule akauzamisha kwenye ndengu. Hapo sufuria nzima imeharibika. Meza ya nyama iwe mbali, na msimamizi wake asiondoke.

Siku iwe Jumapili, saa saba u nusu mchana. Sabato imeshapita tangu jua la Jumamosi lilipotua, makanisa mengi yametoka, na Adhuhuri imeshaswaliwa. Jioni haifai, kwa sababu Wajaini wengi hawali jua likishatua. (Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mwisho wa Desemba, isogezeni mapema mwezini.)

SWALI: Na dua ya kufungua aombe nani? Kila mwaka tunavutana.

JIBU: Asiombe mtu kwa niaba ya wote. Mwenyekiti awakaribishe, atangaze dakika moja ya kimya, kila mmoja aombe anavyojua, kisha wazee na watoto wapakue kwanza. Muziki uzimwe adhana ya Alasiri ikianza, na atakayetaka kuswali aoneshwe mapema chumba safi na maji ya kutawadhia.