Masika Karura: chagua mahali pamoja, ukae

Watu wengi wa Nairobi huukwepa Msitu wa Karura kati ya Machi na Mei kwa sababu ya tope. Waache. Mimi hiyo ndiyo miezi ninayoipenda, na ushauri wangu ni huu: usiende kutembea. Tafuta gogo au jiwe karibu na njia, mahali unapouona mto vizuri, uwe unarudi hapohapo kila wiki mpaka mvua zipungue. Anayeuzunguka msitu mzima mbio mbio hurudi na picha ya maporomoko na viatu vichafu, basi.

Mwanzoni tumia masikio. Kuna kekeo mwenye kifua chekundu, wengine humwita ndege wa mvua, ambaye hupiga sauti tatu za kushuka, tena na tena, hata kabla mawingu hayajakusanyika. Kumsikia ni rahisi, kumwona ni bahati. Wakati huohuo mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya wanafunga safari ya kurudi kaskazini, ambako ndiyo kwanza miti inachipua.

Nyasi zikishaota, geuka umtazame kwera. Dume huuma ukingo wa jani refu, kisha huruka nalo hivyo hivyo, na utepe mwembamba unachanika kwa uzito wa kuruka kwake. Hufunga fundo kwenye kitawi kinachoning'inia juu ya maji, mahali ambapo nyoka atapata taabu kufika, akaunda kwanza pete, halafu chumba. Kisha hujining'iniza mlangoni akipigapiga mabawa kumwita jike. Jike huingia, huvutavuta kuta, na mara nyingi huondoka zake. Hapendi nyumba iliyokauka, anataka ya kijani. Dume akikosa mchumba hukibomoa kiota mwenyewe, aanze upya. Ukienda mara moja tu utaona ndege akisuka; ukirudi utajua kama alikubaliwa.

Mvua ikikatika, angalia chini pia. Kumbikumbi wakitoka, hukatika mabawa, kisha utaona wawili wawili, dume akimfuata jike nyuma, wakitafuta pa kuchimba. Wachache hufika. Vyura, kima na ndege wote wanakula siku hiyo, na ukiniuliza mimi, hata sisi tungekula.

Siafu nao huhama. Suruali iingize ndani ya soksi, na ukikuta mstari wao, simama hatua kadhaa pembeni uwatazame askari: wamejipanga kingoni taya wazi, wenzao wakipita katikati.

Usikate matawi ili uone vizuri. Msitu huu upo kwa sababu kuna waliopigwa wakiutetea, Wangari Maathai akiwa miongoni mwao, Januari 1999. Na maji yakibadilika rangi ghafla na kuanza kubeba vijiti, panda juu mara moja, hata kama ulipo jua linawaka. Mvua imenyesha huko juu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu kandokando ya mito ya jiji hili hili.

Vaa gambuti, si raba. Darubini ni nzuri ukiwa nayo, ila daftari ndilo la lazima: tarehe, mvua ya usiku, nani amejenga wapi. Andika kwa penseli. Kurasa zitalowa tu, na wino wa kalamu nyingi huchuruzika.